Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: haya ndiyo maelezo yangu kuhusu F za hisabati

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA KWA NINI WANAFUNZI WANGU WAMEFELI HISABATI

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya kata. Jumatatu iliyopita niliitwa kwenye kikao cha tathmini. Matokeo yalikuwa yamebandikwa ukutani na shule yetu ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Aliyeongoza kikao hakuniuliza swali hata moja. Alinikabidhi karatasi inayonitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, na akaongeza mbele ya wenzangu kwamba asiyejieleza vizuri asitarajie kupanda daraja. Nimekaa na karatasi hiyo siku nne. Kila ninachoandika kinavuka mipaka ya ofisi iliyonitaka maelezo, na mwenye uwezo wa kukifanyia kazi ni wewe, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, kwa heshima zote.

Yupo binti mmoja wa Kidato cha Pili. Kwenye mtihani wa majaribio wa mwezi Septemba kulikuwa na swali la ngazi na ukuta, kwa Kiingereza kama mitihani yetu yote ya hisabati. Kwenye nafasi ya kujibu, binti yule alilinakili swali lenyewe, lote, kwa mwandiko mzuri, mpaka nukta ya mwisho. Nikampa sifuri, maana ndivyo mwongozo wa kusahihisha unavyotaka. Siku ya kurudisha karatasi nilimwita nikamwambia kwa Kiswahili: ngazi ya mita 5 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, je, imegusa ukuta kwenye kimo gani? Sikumfundisha chochote. Aligeuza karatasi ileile, akachora pembetatu kwa penseli, akaandika 25 toa 9, akapata 16, akatafuta kipeuo cha pili. “Mita 4, mwalimu.” Hazikufika dakika mbili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, “Kumbe ndicho walichokuwa wanauliza?”

Mheshimiwa, swali hilo halinitoki kichwani.

Mtoto huyu alimaliza darasa la saba anaijua MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kama anavyojua jina lake. Anajua KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), anajua namba tasa, mzingo na kipenyo. Miaka saba amehesabu kwa Kiswahili na kufaulu kwa Kiswahili. Januari akaingia kwetu, na ghafla KDS ikawa “lowest common multiple”, MAGAZIJUTO ikawa BODMAS. Wiki chache za kozi ya lugha, kisha mada zikaanza. Anajifunza hesabu mpya na lugha mpya kwa pumzi moja, na anapokosa hakuna anayejua amekosa kipi. Mtihani unatoa F moja tu. F hiyo haisemi kama mtoto hakuelewa pembetatu au hakuelewa neno “leans”, yaani imeegemea. Halafu mimi ndiye natakiwa nijieleze.

Sikatai kwamba sababu ni nyingi. Walimu wa hisabati ni wachache. Mwenzangu alihamishwa mwaka jana na nafasi yake haijazibwa, kwa hiyo nabeba mikondo minne, kila mkondo wanafunzi zaidi ya 80. Elimu bila malipo iliyoanza mwaka 2016 ilileta watoto wengi darasani, jambo jema kabisa, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Nasahihisha madaftari mpaka saa sita usiku na bado siyamalizi. Nadhani pia mtihani wa darasa la saba, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua herufi, unatuletea watoto wasiozoea kuonesha njia, na sisi huku tunatoa alama kwa njia. Yote hayo yapo. Lakini binti yule aliijua njia.

Hali hii haikuanza leo wala haiko kwangu peke yangu. Mwaka 2022 waliofaulu hisabati Kidato cha Nne walikuwa takribani mmoja kati ya watano, na mwaka uliofuata takribani mmoja kati ya wanne. Kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 kati ya 100. Nchi nzima haiwezi kuwa na walimu wazembe kwa kiwango hicho mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa daraja la Kidato cha Nne hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, wanafunzi wameshapata dawa yao: “Achana na hesabu, komaa na saba.” Nimewasikia wakiambiana hivyo mlangoni mwa darasa langu. Siku ya mtihani wanaandika namba zao za mtihani, wananakili swali moja au mawili, wanalalia dawati. Mwaka unaofuata ndipo wanagundua ni milango mingapi F ile imewafungia.

Nikukumbushe kwa unyenyekevu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza ifikapo Januari 1985. Januari hiyo ikaja ikapita. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa mwaka 2015, ikasema Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Tulipiga makofi, mimi nikiwa mmojawapo. Toleo lake la 2023 likabakiza Kiingereza sekondari. Wakati huohuo, darasani nafundisha kwa lugha zote mbili, kama wanavyofanya wenzangu wote ninaowafahamu. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakiingia nabadilisha, wakitoka narudi, na nadhani wao pia wanajua. Jambo lenye lugha moja tu ni karatasi ya mtihani. Nikiwa msimamizi siruhusiwi kumwambia mtoto hata maana ya neno moja, na sijawahi kufanya hivyo. Nimesimama pale nikiona mikono inapanda, na kazi yangu ikawa kutikisa kichwa.

Sikuombi ubadilishe sera yote kwa barua yangu. Wanaotaka Kiingereza kibaki wana hoja zao na wana watoto wao. Naomba kitu kimoja, nakirudia ili kisipotee katikati ya malalamiko yangu: karatasi ya hisabati ya Upimaji wa Kidato cha Pili ichapwe kwa lugha mbili. Kila swali kwa Kiingereza kama lilivyo, na chini yake lilelile kwa Kiswahili. Namba ni zilezile, michoro ni ileile, alama ni zilezile. Mtoto asome mstari anaouelewa, ajibu kwa namba. Hakuna mtaala unaoguswa. Kitabu kipya hakihitajiki, wala semina. Ijaribiwe mwaka mmoja tu, kwenye somo moja tu. Watakaofeli hapo watakuwa wamefeli hisabati, na mimi nitajieleza mbele ya yeyote bila kulalamika.

Karatasi ya kujieleza nitaiwasilisha Ijumaa kama nilivyoagizwa. Nimeambatisha nakala ya ukurasa mmoja wa binti yule, jina nimelifuta, na nyingine naituma ofisini kwako. Tafadhali uangalie pande zote mbili. Mbele kuna swali alilolinakili na sifuri yangu ya kalamu nyekundu. Nyuma kuna pembetatu ya penseli.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata