Barua kwa mwanangu: usilipie hio baiskeli kabla uishike

Mwanangu, salamu. Nimeona picha za hio baiskeli ya milima umenitumia, ex-UK, yaani mtumba ya Uingereza, elfu kumi na nane, na nakujua, ukipenda kitu huwa ushakinunua kwa roho kitambo. Sikukatazi baba. Hio pesa umehasla mwenyewe na Karura si mbali, enda ufurahie. Lakini hio rangi inang'aa sana kwa picha na rangi ndio kitu rahisi kurekebisha kwa baiskeli, mkebe mmoja wa sprei na mtu ako na subira, basi. Usidanganywe na rangi.

Anza na fremu. Ipindue juu chini, panguza matope, halafu upitishe kidole polepole pale imeungwa, sanasana chini ya stelingi na pale pedali zinashikia. Ukipata kamstari kembamba kwa rangi, ama rangi imevimba mahali, shuku ufa. Beba sumaku pia. Ikinata hio ni chuma, na chuma hata welda wa jua kali anaweza kuunga ikakaa. Ikikataa kunata kuna uwezekano ni alumini, na alumini ikishapasuka achana nayo hata wakuapie iliungwa vizuri, juu ule moto wa kuunga unalegeza pale kando ya kiungo na huwezi jua itaachilia lini, na wewe saa hio unateremka Ngong Hills na mwendo. Hapo chini ya pedali kwa kawaida kuna namba imegongwa kwa fremu. Ukikuta imesuguliwa rudi nyumbani, hata usianze kubargain.

Sasa cheni. Watu hawaiangalii na ndio itakula pesa yako. Chukua rula ya shule ile ya sentimita 30, weka sufuri katikati ya pini moja, hio usihesabu, uhesabu zinazofuata mpaka ya 20. Cheni mpya inasoma 25.4. Ikisoma 25.5 inaelekea kuisha, ikifika 25.7 jua hata meno ya nyuma yameisha nayo, angalia kama yamechongoka kama ya papa, na ukiweka cheni mpya kwa meno ya zamani itakuwa inaruka tu kila ukikanyaga kupanda mlima. So unaenda kwanza kuuliza bei ya cheni na gia za nyuma, unatoa hio pesa kwa elfu kumi na nane, hapo ndio bei. Akikataa mwachie, ex-UK ni nyingi hii Nairobi.

Breki naona ni za diski, za mafuta. Finya mkono wa breki kwa nguvu ukae hivyo ukihesabu mpaka kumi. Ukizama ukafika stelingi kuna hewa ndani ama inavuja, na muuzaji atakuambia ni kuongeza tu fluidi. Fluidi gani? Kama breki ni za kampuni ya Shimano zinatumia mineral oil, na ile fluidi ya breki za gari inaharibu mpira za ndani, lakini fundi wa gereji anaweza kukumiminia hio bila wasiwasi wowote. Halafu ujue baiskeli za Uingereza breki ya mbele huwa mkono wa kulia, usiifinye ghafla ukijaribu ukaruka juu ya stelingi mbele ya watu.

Zingine ni za haraka. Zungusha magurudumu uone kama rimu inayumba, shika breki ya mbele usukume mbele na nyuma uskie kama kuna kitu kinagonga kwa stelingi, na shoki isiwe na mikwaruzo wala mafuta pale kwa miguu inayong'aa. Guka wako angeskia hizi zote na masikio tu, akitengeneza zile baiskeli za Black Mamba hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuongea gurudumu likizunguka. Wewe na hizo headphone zako tumia rula.

Usitume deposit na M-Pesa ati akuwekee. Muonane mchana mahali pa watu, aonyeshe kitambulisho, muandikishane na hio namba ya fremu iingie kwa karatasi, ndio utume pesa.

Na helmeti usiitoe kwa hio bajeti yako, hio nanunua mimi. Nitumie saizi ya kichwa.

Mamako