Mpwa wangu, kabla bendi yenu haijapanda basi la Dar

Mpwa wangu,

Kamwene. Najua Iringa imeshakuzoesha salamu hiyo, ila ukifika huku kwetu Mbeya ni ugonile tu, hata kama umekaa ugenini miaka mingapi. Tuko wazima. Baridi imeanza kuuma na viazi vimejaa Uyole.

Mama yako alinirushia ile rekodi mliyoichukua kwa simu mkiwa mazoezini. Nimeisikiliza kwenye spika, nikaisikiliza tena kwa hedifoni usiku watu wakiwa wamelala. Ni nzuri, na sikutilii chumvi. Besi yako haikimbilii kuonekana. Inakaa chini, inamsubiri mwimbaji amalize sentensi, ndipo inajibu. Wapigaji wengi wa umri wako hawajui kusubiri. Lakini mama yako aliongeza jambo lililonikosesha raha: kwamba mkimaliza chuo mnataka kuhamia Dar kutafuta lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki wenu, na kwamba mwenzenu mmoja anashauri muweke magitaa pembeni, mnunue biti, mtafute prodyuza, kwa kuwa "bendi hazitoki siku hizi".

Ndiyo sababu ya barua hii. Naiandika hadharani kwa kuwa najua kuna vijana wengi Iringa, Njombe, Tukuyu na Tunduma wanaoambiwa hayo hayo.

Sikukatazi Dar. Mkoa wetu umetoa watu waliokwenda na wakafika. Sugu alichana Kiswahili wakati ambao wengi hawakuamini kwamba lugha hii ingebeba hip hop, na baadaye akawa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Rayvanny, mtoto wa hapa hapa, alichukua tuzo ya BET mwaka 2017. Najivunia wote wawili. Ila wale ni watu mmoja mmoja. Msanii mmoja anaweza kulala kwa rafiki Sinza, akala mihogo, akasubiri bahati yake. Bendi ni watu watano, ngoma, magitaa, amplifaya na chumba cha mazoezi ambacho jirani halalamiki. Nimeshuhudia bendi za huku zikienda Dar zikiwa kamili, na baada ya muda kila mtu yuko na shughuli yake na gitaa limeuzwa. Muziki wao haukuwa mbaya. Kodi ya nyumba ndiyo iliyowamaliza.

Kwa hiyo kabla hamjakata tiketi, nunueni bando mkae chini msikilize vikundi nitakavyokutajia. Vingi havikuzaliwa na kampuni kubwa, na vimefika mbali bila kujificha vilikotoka.

Anzeni na Wamwiduka Band. Hawa ni wa kwetu, Mbeya, na walianza kwa kupiga barabarani. Leo wameshapanda jukwaa la tamasha la Sauti za Busara pale Unguja, na video zao zinatazamwa na watu ambao hawawezi kuionyesha Mbeya kwenye ramani. Msikilize mkijua wanapiga nini: banjo ya kutengeneza kwa mkono, ngoma, sauti zinazoitikiana, na babatoni.

Babatoni naomba uiangalie kwa makini, wewe hasa uliye mtu wa besi. Chini kuna ngoma iliyowambwa ngozi. Kutoka hapo unatoka mti mrefu kupita kimo cha mpigaji mwenyewe, na juu yake umekazwa waya mmoja tu. Mkono mmoja unaupiga waya, mwingine unatelezesha juu yake kitu kigumu, mara nyingi chupa, na sauti inapanda na kushuka bila ngazi. Hakuna vile vipande vya chuma vya kwenye shingo ya gitaa vya kukuonyesha noti iko wapi. Sikio ndilo linaloamua. Ukimtazama mpigaji mzuri utaona anaweza kutua kwenye noti kutoka juu, akaivuta kidogo, akaiacha ikilegea mwishoni, na ngozi ile ya chini inatoa mtutumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Sasa rudi kwenye rekodi yenu, ubeti wa pili, pale unapoteleza kutoka juu ya shingo ya gitaa kwenda chini. Hilo ulilipata wapi? Hukufundishwa na mtu wa YouTube. Umelisikia sokoni Kyela ukiwa mdogo, ukamkuta mtu amekaa kivulini anapiga, na mama yako akikuvuta mkono muwahi gari. Ninachotaka ni hicho kikae mbele kwenye wimbo, kisizibwe na kinanda.

Ukishawasikiliza hao, vuka mpaka pale Kasumulu kwa masikio tu. Madalitso Band wa Malawi ni watu wawili. Basi, wawili. Mmoja anapiga babatoni, mwingine ana gitaa la nyuzi nne na mguu wake unapiga ngoma ya ngozi iliyo sakafuni. Miaka mingi walikuwa wanapiga barabarani Lilongwe. Mwaka 2017 walialikwa Sauti za Busara, na mwaka 2019 lebo ndogo ya Geneva iitwayo Bongo Joe ikatoa albamu yao ya Wasalala. Ikafuata Musakayike mwaka 2022, na Ma Gitala mwaka 2025. Sikilizeni Wasalala yote bila kuruka wimbo. Nyimbo zinaanza taratibu, zinazunguka mle mle, na unapodhani umeshazielewa, gitaa linabadilisha kitu kidogo na mwili wako unajua kabla yako. Waambie wenzako wahesabu vyombo. Yule anayesema bendi ni gharama, hawa wanamjibu bila kusema neno.

Halafu kuna The Zawose Queens, na hapa nakuomba umkalishe yule dada yenu anayeimba sauti ya pili, maana hawa atawasikia kwa namna yake. Pendo Zawose ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, Leah ni mjukuu. Mzee Hukwe aliufikisha muziki wa Kigogo duniani akiwa na ilimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze, akafariki mwaka 2003. Kwenye familia ile wanawake waliimba nyuma, wakacheza, wakapiga ngoma ya muheme. Kushika vyombo vya mbele na kutunga lilikuwa jambo la wanaume. Mwaka 2024 hawa wawili wakatoa albamu yao wenyewe, Maisha, kupitia Real World ya Uingereza. Kuna ilimba, kuna sauti zao mbili zinazosukana juu kwa juu, na kuna mashine za kisasa zimewekwa chini kwa adabu. Nimetafakari sana jinsi zile mashine zilivyowekwa. Hazikuja kuuosha ugogo. Zimekuja kuushika mkono. Mkitaka kuchanganya gitaa la umeme na wimbo wa Kihehe wa bibi wa mwenzenu yule wa Kilolo, msikilize hapo. Kwenye rekodi yenu aliimba mistari miwili ya Kihehe mwishoni kisha akarudi kwenye Kiswahili haraka, nikasikia kama ameona aibu. Mwambie asirudi. Aimbe ubeti mzima.

Siti and the Band wa Zanzibar nitawataja kwa kifupi, maana taarabu ni bahari yenye wenyewe. Siti Amina anaimba na kupiga udi, kuna fidla, na albamu yao ya mwaka 2018 inaitwa Fusing the Roots. Sikilizeni jinsi wanavyoacha nafasi kati ya sauti na chombo. Nyinyi mnajaza kila sekunde. Punguzeni.

Na singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini Dar, msiidharau kwa kuwa haina gitaa. Mwaka 2017 studio ndogo ya Sisso pale Dar, uswahilini kabisa, ilitoa mkusanyiko kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo vijana wale wanaitwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Hawakupunguza kasi ili mzungu aelewe. Ni hilo tu nililotaka ulione.

Mwenzenu atasema: mjomba, hao wote wamebebwa na watu wa nje. Ana hoja, na isijibiwe kwa kupuuza. Ni kweli lebo nyingi nilizozitaja ziko Geneva, Kampala na Uingereza, na mimi ningefurahi zaidi kama ingekuwepo moja hapa Mbeya, Mwanjelwa. Lakini tazama mpangilio wa mambo ulivyo. Madalitso walikuwa na nyimbo, mashabiki na mtindo wao barabarani kabla ya lebo. Wamwiduka hivyo hivyo. Lebo ilipofika ilikuta kitu kimesimama. Nyinyi mnataka kwenda kutafuta lebo ili iwaambie nyinyi ni nani.

Na sisi tuna utajiri ambao sioni bendi ikiuchukua. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na moja ya vitu vilivyobaki ni matarumbeta. Nenda ibada ya Pasaka upande wa Tukuyu usikilize. Utamwona mzee amevaa koti zito, ameinamisha trombone anamwaga maji yaliyojikusanya ndani, anajifuta midomo kwa leso, kisha anaingia kwenye sauti ya nne bila karatasi, na wenzake wanamfuata. Watoto wao wanajua kupiga. Wanajua kusoma noti, wengine, na wanakaa bure Jumatatu hadi Jumamosi. Hebu fikiria wimbo wenu ule wa safari ukiwa na trombone mbili pale kwenye kiitikio badala ya kinanda kinachojifanya trombone. Nauli ya Tukuyu unaijua. Nitakutambulisha kwa mtu.

Kuna bendi moja ya vijana hapa mjini, jina sitalitaja kwa kuwa hawajaniruhusu, wanafanya mazoezi jioni nyuma ya karakana ya kuchomelea maeneo ya Mafiati. Umeme ukikatika hawaondoki. Wanaweka gitaa la umeme chini, wanachukua galoni, wanaendelea. Wimbo wao mpya una mdundo wa ing'oma ya Kinyakyusa, taratibu, mzito, na juu yake solo inayopigwa kwa mtindo wa dansi la zamani. Haujatoka popote bado. Nimewashauri wautoe wenyewe, na wewe nakushauri hivyo hivyo: rekodini wote kwa pamoja chumba kimoja, nyimbo nne tu, mziweke Boomplay, Audiomack na YouTube kwa jina la bendi, akaunti ishikwe na watu wawili si mmoja. Halafu pigeni. Pigeni Iringa vyuoni, njooni Mbeya, nendeni Makambako siku ya mnada, mvuke Tunduma. Wazambia miaka ya 1970 walikuwa na mkondo wao mzima wa bendi za roki, W.I.T.C.H. wakiwa mbele, na kundi hilo limerudi studio wakatoa albamu ya Zango mwaka 2023. Wale watu wanapenda magitaa. Wako mlangoni kwetu, na bendi zetu zinawapita zikikimbilia mashariki.

La mwisho ni la karatasi, na hapa nakuwa mjomba kweli kweli. Nimeona bendi nzuri ikivunjika kwa wimbo mmoja. Ulipendwa, ukaanza kuingiza hela, na ikagundulika umesajiliwa kwa jina la mwimbaji peke yake. Mpiga solo ndiye aliyetunga lahani yote, yaani melodi. Hawasalimiani hadi leo, na walisoma shule moja.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Muda wote huo ni wa kugombana au wa kula pamoja, na unaamuliwa siku ya kwanza. Kabla hamjaingia studio, kaeni wote watano, andikeni kwa kila wimbo: maneno ni ya nani, lahani ni ya nani, nani anagawana nini. Kila mtu asaini. Kisha mwende COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili kazi zenu, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mjisajili kama kikundi. Akitokea mtu wa kuwalipia studio, mshukuruni, lakini kulipia studio na kumiliki wimbo ni mambo mawili, yaandikwe mbalimbali. Ukiletewa mkataba wa kusaini hapo hapo, sema unaupeleka kwa mjomba. Nitautafutia mwanasheria, hata ikibidi niuze gunia la mpunga wa Kyela.

Nataka kujua mambo mawili ukinijibu. Kwanza, ule wimbo wa safari lahani alitunga nani, maana mama yako anasema ni wewe na wewe humwambii mtu. Pili, kama mwezi wa kumi na mbili mnaweza kuja wote. Chumba cha nyuma kina umeme, majirani nimeshaongea nao, na yule kijana wa trombone amesema yuko tayari siku yoyote isipokuwa Jumapili asubuhi.

Wasalimie wenzako, hasa yule wa Kilolo.

Mjomba wako,
Mbeya