Barua kwa mdogo wangu anayeogopa kumsahau baba

Mdogo wangu,

Ile kauli yako kwamba unaona baba anaanza kukutoka kichwani imenikaa sana, na hapohapo una mitihani ya uuguzi na usingizi haupatikani, nikaona bora nikuandikie kirefu kuliko voisi. Naiweka wazi kwa sababu wapo wengi waliofiwa wana hofu hiyohiyo na hawamwambii mtu.

Kwanza kusahau sio kwamba humpendi. Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, alikuwa anakariri silabi zisizo na maana halafu anajipima zimebaki ngapi, mwaka 1885 akachapisha kwamba zinapotea haraka sana mwanzoni kisha kasi inapungua. Ila aliposhika shairi, alilikariri kwa kama sehemu moja tu ya kumi ya ile jitihada. Yani kitu chenye maana, kilichoshikana na vingine, kinakaa. Na kumbukumbu si huwa zinavutana, unasikia harufu ya pasi ya mkaa tu na mzee huyo hapo, mita shingoni, pini mdomoni, anaongea na mteja bila kuzitoa.

Sasa hicho kivutio ndo nataka ukitengeneze kwa makusudi. Weka Obsidian kwenye simu, ni apu ya kuandikia notsi, ni bure, inafanya kazi bila bando na mafaili yanabaki kwako mwenyewe. Ukikumbuka kitu andika mistari miwili mitatu basi, usipange, usitafute folda, popote anapotajwa weka mabano ya mraba mawili hivi [[Baba]], na pengine [[cherehani]] au [[Muheza]]. Siku ukifungua ukurasa wa Baba utakuta notsi zote zilizomtaja zimejileta zenyewe, hata zile ulizoandika ukiwa unawaza mambo mengine kabisa. Unakumbuka kaunta buku lake la vipimo? Jina la mteja, kifua, kiuno, na pembeni kipande cha kitambaa amekibana na pini, akigusa kile kitambaa tu anakuambia ilikuwa sare ya harusi ya nani. Ni hivyohivyo.

Na usitenganishe notsi za chuo na za nyumbani, hili nalisisitiza. Ukisoma sukari kushuka, jasho, kutetemeka, mtu kuchanganyikiwa, linki na ule usiku ulipomkuta baba jasho linamtoka hajui yuko wapi ukamkorogea maji ya sukari. Hutaisahau mada hiyo maisha yako yote, na utaona kwamba usiku ule ulimsaidia, maana najua bado unajilaumu. Kabla hujafungua notsi jaribu kwanza kujieleza mwenyewe kilichomo, maana kujiuliza kunakaza kumbukumbu kuliko kusoma tena na tena.

Kuhusu usingizi, ukiamka saa nane usiku kifua kimebana andika tu [[usiku mbaya]] na nini kilitokea mchana. Mi notsi zangu za usiku mbaya nilivyozifungua nikakuta karibu zote zimeshikana na [[Jumapili]], siku tuliyokuwa tunampigia baba simu, na hapo kabla nilikuwa nadhani nina stresi isiyo na sababu. Sa hivi Jumapili jioni nampigia shangazi, tunamuongelea mzee, na nalala.

Ila usijilazimishe kuandika kuhusu kifo kila siku. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike mambo yaliyowaumiza, na walipomaliza kuandika walijisikia vibaya zaidi, faida ilionekana miezi ya baadaye, wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walienda kwenye kituo cha afya mara chache zaidi. Kwa hiyo ukilia baada ya kuandika usiogope, ila ukiona unazunguka palepale wiki zinapita na huli, funga simu uende kwa mshauri wa chuo au uje kwangu, apu haimshiki mtu mkono.

Usianze kutafuta mpangilio wa kupendeza wala kuangalia video za watu wenye notsi zao za rangirangi. Niklas Luhmann, msosholojia wa Ujerumani aliyefariki 1998, aliacha kadi kama 90,000 kwenye masanduku ya mbao, zinaitana kwa namba tu, na alitoa vitabu kwa makumi kutoka humo. We fanya bakapu mara kwa mara, weka na nywila, inatosha.

Na kuna kitu nakuhitaji. Nina notsi ya ile safari ya Korogwe na baba ila imekatika katikati, basi likaharibika, akashuka akaongea na mama mmoja muuza machungwa, akacheka sana, na mi nikasinzia. We ulikuwa mapajani kwake. Alicheka nini? Niandikie hata kama ni nusu, uanze na hiyo.

Dada yako.