Ukitoka Dodoma kwenda Ruaha, utalala wapi?

Wateja wanaofika ofisini kwetu hapa Dodoma kuulizia safari ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huanza na bei ya gari, wakafuatia na bei ya chumba. Swali la chumba hicho kiko wapi huja mwisho, na mara nyingine huja wakati malipo yameshafanyika. Tungependa lije kwanza, kwa sababu ndilo linaloamua mgeni ataona nini.

Kutoka Dodoma hadi Iringa kwa njia ya Mtera ni takribani kilomita 260, na kutoka Iringa mjini hadi Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, zinabaki nyingine zaidi ya 100. Mwaka juzi tulisafirisha familia iliyojitafutia chumba mtandaoni. Tangazo lilisema hoteli iko "Ruaha", nasi hatukuhoji, na hilo lilikuwa kosa letu. Hoteli ilikuwa Iringa mjini. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watoto wamejikunyata ndani ya vitenge kwa baridi ya Iringa, tukafika langoni saa tatu jua likiwa limeshakuwa kali. Simba tuliwaona, wanne, wamejilaza chini ya mti, hata mkia hautikisiki. Magari ya wageni waliolala ndani yalikuwa yanarudi kambini kunywa chai, na madereva wakatusimulia jinsi nyati alivyokamatwa kando ya mto kulipokucha.

Zingatia pia kwamba kwa anayelala ndani, kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Anayeingia saa tisa alasiri na kulala ndani hupata jioni yote na asubuhi yote ya kesho yake kwa kibali kimoja, ilhali anayelala Iringa hulipa kiingilio akatumia saa chache, tena zile za jua kali ambazo wanyama wengi wamejificha kivulini.

Ndani ya hifadhi kuna mabanda ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe, viwanja vya kupiga hema, na kambi za watu binafsi kando ya Mto Ruaha Mkuu na Mto Mwagusi, ambazo ni ghali. Kulala ndani kuna ada yake, mbali na kiingilio, na wengi husahau kuiweka kwenye bajeti. Nje ya lango kuna kijiji cha Tungamalenga, chenye kambi na nyumba za wageni za bei nafuu. Kwa familia yenye fedha ya kubana, ushauri wetu ni kulala usiku wa kwanza Tungamalenga, mkapumzika baada ya siku nzima barabarani, na usiku wa pili kuingia ndani.

Hesabu hii hubadilika kwa msimu. Kati ya Juni na Oktoba mto hupungua hadi kubaki madimbwi, wanyama wakayafuata, na kwenye mchanga mkavu wa Mwagusi tembo huchimba kwa miguu na mkonga hadi maji yachimbuke. Anayelala karibu na mto msimu huo huweza kuyaona hayo akiwa ameketi barazani. Masika ni jambo jingine. Nyasi hurefuka, wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yapo kila mahali, njia za ndani huwa tope, na baadhi ya kambi hufungwa kabisa. Kulipia kambi ya mtoni mwezi wa Aprili hatumshauri mtu, hata akipewa punguzo.

Anayechagua kulala ndani ajue kwamba kambi hazina uzio. Usiku hutoki bandani kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Unamwita askari au unasubiri kuche. Anayelala kwenye hema asiweke matunda ndani yake, kwa maana tembo hunusa chungwa au embe kutoka mbali, naye hajui kufungua zipu. Ndiyo maana kabla hatujaondoka Iringa dereva wetu hukagua vikapu, akatoa machungwa yote na kuyafungia kwenye sanduku la chakula, watoto wanune wasinune.