Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga: kibao cha kwanza kiwekwe Lufira

Lubumbashi

Mheshimiwa Gavana,

Tunakusalimu kwa heshima. Ombi letu ni fupi, maelezo yake ndiyo marefu: jimbo liweke vibao vya historia mahali ambapo vita vya kujitenga kwa Katanga vilipiganwa, na kibao cha kwanza kisiwekwe hapa mjini. Kiwekwe kwenye daraja la mto Lufira, barabara ya Likasi.

Mgeni akiuliza habari za vita vile anapelekwa Posta, kisha kwenye tunnel ya reli, kisha anaonyeshwa sanamu ya Moïse Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga. Anapiga picha, basi. Haambiwi kwamba risasi za Posta ni za Septemba 1961, za tunnel ni za Desemba 1961, na kwamba baada ya zote hizo Katanga iliendelea kuwa na bendera yake na fedha yake. Kilichomaliza mambo ni raundi ya tatu, kati ya tarehe 28 Desemba 1962 na 21 Januari 1963, na uzito wa raundi hiyo uko kwenye maji ya Lufira. Kibao kinachochanganya raundi hizi tatu ni heri kisiwepo.

Tuanze na majeshi, maana hata hapo watu wanateleza. Jandarmeri, yaani jeshi la Katanga, ilitokana na vikosi vya Force Publique, jeshi la kikoloni, vilivyokuwa vimekaa Katanga wakati wa uhuru. Tshombe alipotangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, ofisa Mbelgiji, meja Jean-Marie Crèvecoeur, ndiye aliyepewa kazi ya kuipanga upya. Fedha zilitoka kwenye kodi na ushuru wa kampuni ya madini ya Union Minière, ambao sasa uliingia Élisabethville (Lubumbashi ya leo) na si Léopoldville (Kinshasa ya leo). Juu yake wakaongezwa mamluki: Wabelgiji, Wafaransa, Waafrika Kusini, Waingereza. Ndege za kivita aina ya Fouga Magister zilikuja tatu, mwezi wa Februari 1961.

Upande wa pili, yaani Umoja wa Mataifa, pia usiandikwe kwa mkato, "Wazungu wa ONU". Waireland na Waswidi walikuwepo, ndiyo, lakini waliobeba mzigo mkubwa wa kutembea na kupigana walikuwa Wahindi na Waethiopia. Na mwakilishi wa Umoja wa Mataifa hapa mjini wakati wa raundi ya mwisho alikuwa Mkenya, Eliud Mathu. Vijana wetu wengi hawajawahi kusikia jina hilo.

Halafu kuna vita vya kaskazini, ambavyo hapa mjini watu huvipita kimyakimya: majandarma dhidi ya vijana wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe. Vijiji vilichomwa. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni ya mji huu huu. Kibao kitakachotaja bendera na majenerali na kuisahau kambi ile kitakuwa kimekwisha kuchagua upande.

Sasa raundi zenyewe. Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa walijaribu kushika Posta, redio na ofisi nyingine za mji. Siku hiyo hiyo, Jadotville, yaani Likasi ya leo, kompania moja ya Waireland, watu mia moja na hamsini na kitu chini ya Pat Quinlan, ilizingirwa. Walichimba mahandaki, wakashikilia siku tano, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Kilichowamaliza ni kuishiwa risasi na maji. Helikopta moja ilifanikiwa kutua na maji, lakini yalikuwa yametiwa kwenye bidoni zilizowahi kubeba petroli, hayakunyweka. Tarehe 17 wakasalimu amri.

Kwa nini wenzao hawakufika kuwaokoa? Jibu ndilo linalotufanya tuandike barua hii. Misafara ya kuwasaidia ilitoka Élisabethville ikakwama Lufira. Daraja lilikuwa limezibwa na kulindwa kwa bunduki, na juu ya barabara ilikuwa inazunguka Fouga moja tu iliyokuwa ikiruka siku zile. Umoja wa Mataifa haukuwa na ndege hata moja ya kivita Kongo. Ndege moja, daraja moja, na barabara nzima ikafungika. Katika usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld akafa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, akiwa njiani kwenda kuonana na Tshombe, na habari hiyo ikafunika zote.

Raundi ya pili tunaipita haraka. Desemba 1961 Umoja wa Mataifa ulikuwa sasa na ndege: J 29 za Waswidi, Sabre za Waethiopia, Canberra za Wahindi. Mji ulipiganiwa mtaa kwa mtaa. Waireland walishika tunnel tarehe 16 mvua ikimwagika, Waswidi wakaingia Camp Massart, kambi ya majandarma, Waethiopia wakaenda upande wa kiwanda cha Union Minière. Mabomu ya mota yaliangukia hata nyumba za raia, nalo hilo liandikwe. Tarehe 21 Tshombe akatia sahihi makubaliano ya Kitona, ya kuitambua serikali kuu ya Kongo, akarudi, na mwaka mzima ukaliwa na mazungumzo.

Raundi ya tatu ilianza kwa ujinga. Tarehe 24 Desemba 1962 majandarma waliitungua helikopta ya Umoja wa Mataifa, na kwa siku nne wakaendelea kufyatua risasi kuelekea vituo vyake hapa mjini. Tshombe aliahidi kuwazuia; hakuweza, au hakutaka, hadi leo watu wanabishana. Tarehe 28 jenerali Prem Chand, mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa Katanga, alianza kufungua barabara zote zinazotoka mjini. Tarehe 29 ndege za Waswidi ziliushambulia uwanja wa ndege wa Kolwezi. Mawingu yalikuwa chini mno kwa roketi, kwa hiyo marubani walitumia mizinga yao ya milimita 20, na hiyo ilitosha: ndege nyingi za Katanga ziliungulia chini, hazikuruka. Tarehe 30 Waireland walikuwa Kipushi na Waswidi walikuwa Kamina.

Basi likabaki daraja. Safari hii majandarma hawakuliziba tu. Daraja la barabara walilivunja kabisa, na la reli wakalibomoa bila kulimaliza. Ukiwa na jeshi lisilo na vifaa vya kujengea daraja, kama walivyokuwa Wahindi wa brigedia Noronha, mto wa masika ni ukuta. Hapa tunamwomba yeyote atakayeandika kibao asiruke, maana ndipo mahali ambapo mwanafunzi anaweza kujifunza kitu. Chuma cha daraja la reli kilipinda na kulala mtoni, lakini mtu aliweza kupita juu yake kwa miguu. Askari wakavuka hivyo, mmoja mmoja, bunduki mkononi. Magari hayakuweza, yalivushwa kwa rafu, kidogo kidogo. Yaani kwa muda kulikuwa na askari wa miguu ng'ambo ya mto, bila magari ya deraya, huku nyuma yao msafara mzima ukingoja zamu.

Huo ndio wakati ambao Jandarmeri ingeweza kushinda. Kila afisa anafundishwa kwamba kizuizi kisicholindwa kwa risasi kinamchelewesha adui tu, hakimzuii. Mwaka 1961 daraja zima lililokuwa na bunduki nyuma yake lilizuia misafara yote. Katika raundi ya tatu daraja lililovunjwa halikuzuia, kwa sababu upinzani wa ng'ambo ulikuwepo lakini haukukaa. Ndege zao zilikuwa zimekwisha kuungua, mamluki walikuwa wameanza kutazama njia ya Kolwezi. Baruti peke yake haiwezi kushikilia mto.

Jambo lingine lisilosemwa: makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, hayakutaka wavuke siku ile. Serikali za nchi za Magharibi zilikuwa zimeahidiwa kwamba jeshi litasimama kwanza Lufira ili Tshombe apate nafasi ya kuzungumza. Ujumbe wa kuwasimamisha ulifika wakati watu wamekwisha kuvuka. U Thant, Katibu Mkuu aliyemfuata Hammarskjöld, alimtuma msaidizi wake Ralph Bunche kuja kuchunguza, naye akakuta mawasiliano kati ya New York, Léopoldville na Élisabethville yamevurugika vibaya. Kwa hiyo hatua iliyoamua vita ilipigwa bila amri kamili. Wengine watapenda jambo hilo lisiandikwe. Sisi tunadhani ndilo litakalomfanya msafiri asome hadi mwisho.

Jadotville iliingiwa tarehe 3 Januari 1963. Siku hiyo, kwenye kizuizi cha barabara, askari wa Umoja wa Mataifa waliwapiga risasi na kuwaua wanawake wawili Wabelgiji waliokuwa ndani ya gari. Nalo liandikwe, kama yale ya kaskazini. Tshombe alikimbilia Kolwezi, ambako watu wake walitishia kulipua bwawa la Nzilo na mitambo ya Union Minière. Hawakulipua. Tarehe 15 akatangaza mwisho wa kujitenga, na tarehe 21 Kolwezi ikaingiwa bila vita. Majandarma wengi walivuka mpaka wakaingia Angola, na mwaka 1977 na 1978 Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ikawaona tena, wakiwa na jina jingine na silaha nyingine.

Mheshimiwa, kuhusu vibao vyenyewe. Mabati ya aluminiamu au shaba yasitumike: yatang'olewa kabla ya msimu kwisha na kuuzwa kama vyuma chakavu, nasi sote tunajua bei inaulizwa wapi. Mbao nazo ni chakula cha mchwa. Tunapendekeza nguzo pana ya zege, na maandishi kwenye vigae vilivyochomwa kwa moto, vikazamishwa ndani ya zege hadi usawa wa uso wake, ili patasi isipate pa kushika. Uso wa kibao usielekee magharibi, jua la alasiri linafanya kigae king'ae hadi hakisomeki. Kisiwekwe ukingoni mwa lami pia: malori ya madini yanarusha vumbi jekundu na kokoto, na msomaji anasimama mahali pa kugongwa. Kiingizwe ndani, penye nafasi ya gari mbili kuegesha. Msingi uchimbwe kiangazi, kati ya Mei na Agosti, mbali na mstari ambao maji hufikia masika. Mchimbaji akikuta bomu au ganda la risasi kubwa, asiliguse. Kazi isimame na waitwe wanaojua kutegua.

Maandishi yawe Kiswahili juu, Kifaransa chini, kila lugha isizidi maneno mia moja na ishirini. Zaidi ya hapo hakuna anayesoma akiwa amesimama juani. Ramani ndogo ioneshe majina ya zamani na ya sasa pamoja, Jadotville na Likasi, Élisabethville na Lubumbashi, la sivyo mtoto wa shule atadhani ni vita vya nchi nyingine. Picha za watu tunaona zisiwekwe: Tshombe akiwekwa peke yake, litaanza swali la nani ameachwa. Kibao cha pili kiende Likasi, cha tatu kwenye tunnel ya hapa mjini, kila kimoja kikitaja raundi yake tu na tarehe zake.

Reli ni ya SNCC, kampuni ya reli ya taifa, na barabara iko chini ya Office des Routes, ofisi ya barabara, kwa hiyo ruhusa ni mbili, na barua ya ofisi yako ikitangulia zitapatikana upesi kuliko yetu. Kabla vigae havijachomwa, maandishi yasomwe kwanza na wazee wa Likasi na watu wa kaskazini waliokuwepo, pamoja na wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kigae kikishachomwa, kusahihisha tarehe moja ni kuvunja kibao kizima. Rasimu ya maandishi ya Lufira tunayo tayari, tunaweza kuileta ofisini siku utakayoitaja.

Kwa heshima,

Walimu wa historia na waongozaji wa wageni, Lubumbashi