Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wamiliki wa MGB

Wanachama wenzangu,

Mwaka huu kamati imehangaika na kutu kuliko injini. Naomba niwaeleze sababu.

MGB, gari letu dogo la michezo, ilipozinduliwa mwaka 1962, mbunifu wake Syd Enever na wenzake wa kiwanda cha Abingdon, Uingereza, walikuwa wameachana na chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, iliyotumika kwenye MGA, gari lililoitangulia. Hapa bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria. Matokeo yake, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulipungua kwa inchi 3, na bado ndani mkapatikana nafasi kubwa zaidi. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa wa gari hili, kupita hata sura yake. Lakini gari lisilo na paa la bati hutegemea sakafu, mgongo wa katikati, na hasa vizingiti vya chini ya milango. Hivyo vikioza, kubadilisha mkeka na viti ni kupoteza pesa.

Siku ya ukaguzi tuliliona hilo wenyewe. Gari jekundu, rangi inameta. Tulipolipiga jeki upande mmoja, mwanya wa nyuma ya mlango ulizidi kubana hadi mlango ukagoma kufunguka. Fundi akagonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi: puti iliyozibia mashimo ikamomonyoka, na bati la ndani halikuwepo tena. Tope lililojazana nyuma ya gurudumu la mbele lilikuwa limeziba matundu ya kutolea maji kwa miaka mingi. Namshukuru mwenye gari kwa kuturuhusu sote tujifunze kwake. Wenzetu wa Mombasa, upepo wa bahari hauwapi nafasi ya kuahirisha. Safisheni matundu hayo sasa.

Injini hazikutusumbua sana. Ile ya sentimita za ujazo 1,798, yenye kabureta mbili za chapa ya SU, ni mvumilivu, hasa baada ya beringi kuu za kranki kuongezwa kutoka 3 hadi 5 mwishoni mwa 1964.

Jambo jingine limeniuma. Baadhi yetu wanayabeza magari yenye bampa nyeusi, yaliyoanza kutoka mwaka 1974. Bampa zile, na kule kuinuliwa kwa gari, vilitokana na sheria za Marekani, ambako ndiko kulikokuwa na soko kubwa. Bila wanunuzi wale, Abingdon isingeendelea kuunda MGB hadi Oktoba 1980, wala idadi isingevuka magari 500,000. Wenye magari hayo ni wanachama kamili, na kwenye maonyesho yetu yajayo yatapangwa safu moja na mengine.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kamati inaleta pendekezo moja. Tangu 1988 bodi mpya za MGB zinatengenezwa Uingereza kwa kutumia vifaa vya asili vya kiwandani, lakini gharama yake ni nzito kwa wengi wetu. Vizingiti na vipande vya sakafu vinapatikana kimoja kimoja. Tunaomba chama kiviagize kwa pamoja, kila mmoja alipie vyake, na pasiwe na gari litakalopigwa rangi kwa msaada wa chama kabla fundi hajakagua vizingiti. Tutalipigia kura kwenye mkutano mkuu.

Mwenyekiti