Uliuliza kuba lina umri gani

Charlottesville, Virginia

Fundi wangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilinichekesha pale uliponiambia habari za masomo nikae nazo, wewe unataka kujua lile kuba jeupe kwenye picha niliyokutumia lina umri gani na limejengwa kwa nini. Nilidhani jibu lake ni la mstari mmoja. Limenila wiki mbili.

Jengo linaitwa Rotunda. Chuo hiki, Chuo Kikuu cha Virginia, kilichorwa na Thomas Jefferson, yule rais wa tatu wa Marekani, akiwa mzee aliyekwisha kustaafu, na jiwe la msingi la nyumba ya kwanza liliwekwa mwaka 1817. Kwa Rotunda aliiga Pantheon, hekalu la kale la Roma, akaipunguza karibu nusu: kimo chake ni mita 23 na ushei, na kipenyo ni hichohicho. Pale mahali pa heshima, ambapo wengine wangejenga kanisa, yeye aliweka maktaba. Alifariki Julai 4, 1826, jengo likiwa bado halijakwisha.

Kuba lake lilikuwa la mbao, na hapo ndipo hesabu ya umri inapovurugika. Miaka ya 1850 walibandika nyuma ya Rotunda jengo refu la ghorofa nne, na Oktoba 27, 1895 moto ukaanzia humo. Mwalimu wa hesabu, William Echols, akaona afadhali alipue kiungo cha majengo hayo mawili kwa baruti kali ili moto ukose njia. Baruti ililia, moto ukavuka vilevile. Wanafunzi waliwahi kuiburuta nje sanamu ya marumaru ya Jefferson pamoja na vitabu kiasi. Kilichobaki ni kuta zimesimama peke yake.

Akaitwa msanifu majengo Stanford White kutoka New York. Huyo hakutaka kusikia habari za mbao. Kuba lake ni la vigae vyembamba vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka kwa saruji, ufundi wa Guastavino, Mhispania aliyehamia Marekani. Basi kuba ni la 1898. Lakini usiandike bado, maana ndani White aliondoa ghorofa moja ili ukumbi uwe mrefu, na kati ya 1973 na 1976 wakaja wengine wakaing'oa kazi yake na kuvirudisha vyumba vya Jefferson. Kwa hiyo juu ni White, na chini yake ni Jefferson aliyejengwa mwaka 1976! Hata mataji ya nguzo, ya marumaru ya Carrara, ni ya juzijuzi tu.

Mimi ninamlaumu White kwa jambo jingine. Jefferson alikipanga chuo kama herufi U: Rotunda kaskazini, nyumba kumi za walimu kwenye pande mbili za uwanja wa nyasi uitwao Lawn, na vyumba 54 vya wanafunzi katikati ya nyumba hizo. Kusini aliacha wazi, ukisimama kwenye ngazi macho yako yaende mpaka milimani. White akaenda kuziba palepale kwa jengo la Cabell. Alilizamisha kwenye mteremko lisionekane kubwa, hilo nampa. Ila ameziba.

Hizo nyumba kumi hazifanani hata mbili, na kadiri unavyokwenda mbali na Rotunda, nafasi kati ya nyumba na nyumba inazidi kuwa pana, ili jicho lidhani zinalingana. Nilihesabu hatua kwanza ndipo nikaamini. Wanaokaa vile vyumba vya Lawn ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliochaguliwa, na wanaona fahari kubwa, ingawa kwenda kuoga ni lazima utoke nje, hata kwenye theluji.

Sasa kuta za bustani nyuma ya nyumba, hizi ndizo zako. Zina unene wa tofali moja tu, lakini zimejengwa kwa mawimbi kama nyoka anavyotambaa, na huo mkunjo ndio unaozizuia zisianguke. Nyingi zimejengwa upya karne ya 20, kwa umbo la zamani. Leo kuna maua na mabenchi. Zamani zile zilikuwa nyua za kazi: watumwa walipikia humo, wakafulia humo, na ukuta ukawaficha wasionekane kutoka Lawn. Ni haohao waliosawazisha kilima, wakachimba udongo na kuchoma matofali.

Mwaka 2020 chuo kilikamilisha mnara wa kuwakumbuka watumwa hao, duara la mawe ya graniti lenye kipenyo cha karibu mita 24, sawa na Rotunda. Ukutani kuna mikato 4,000 hivi, kwa kila mtu mkato wake, na juu ya baadhi yake pamechongwa jina. Mikato mingi haina jina. Pengine wamejua kazi tu: mwashi, mpishi. Nilisimama kwenye neno hilo la mwashi nikakukumbuka.

Nimekuchorea mkunjo wa ukuta nyuma ya karatasi hii. Vipimo nimevipata kwa hatua za miguu yangu, kwa hiyo usije ukavijengea.

Wako,
yule asiyejua kushika mwiko